Tope la Magara Halimo Kwenye Pedi

Leo tuache siasa na bei ya mafuta. Leo tuongee magari, magemu na tope. Najua wengine mtasema huyu kaishiwa habari. Vumilieni, mbele kuna historia ambayo wengi wetu wa kaskazini hatukufundishwa shuleni.

Nilikuwa nyumbani Mbulu wakati wa Pasaka. Binamu yangu anayesoma chuo Dodoma alikuja na laptop yake, na ndani ya laptop kulikuwa na gemu la WRC 9. Jioni mvua ikanyesha (Aprili ya Mbulu mnaijua), umeme ukawepo kwa bahati nzuri, na dogo akafungua Safari Rally. Vumbi, pundamilia, miiba ya migunga, gari linaruka. Tukashangilia kama tuko uwanjani.

Mjomba akaingia akitoa gambuti zake mlangoni. Mjomba ni dereva wa Fuso. Kwa zaidi ya miaka 20 amebeba vitunguu saumu, mahindi na ng'ombe kutoka Mbulu, Haydom na Katesh. Akasimama nyuma yetu akitazama. "Hii ni wapi?" Binamu akajibu: "Naivasha, mjomba. Fizikia yake ni ya kweli kabisa, kila tairi linapigiwa hesabu." Mjomba akaomba pedi. Akaenda mita kama 100 hivi, kona ya kwanza akaingia mtaroni. Tukacheka. Akarudia, mtaroni tena. Akarudisha pedi na kusema neno ambalo limenikaa kichwani mpaka leo: "Gari lenyewe halina makalio."

Tulicheka zaidi, lakini mzee hakuwa anatania. Alimaanisha kwamba dereva halisikii gari kwa macho. Analisikia kwa kiti. Gari likianza kuserereka nyuma, anayejua wa kwanza ni makalio, kisha mikono kwenye usukani, macho yanafuata mwisho. Kwenye gemu unabaki na macho, masikio na pedi inayotetemeka kidogo. Dereva wa miaka 20 anageuka mwanafunzi.

Basi usiku ule sikulala mapema. Nikajiuliza, gari la kweli kwenye gemu ni lipi hasa? Na kama ni la kweli sana, je, linafurahisha? Ili kujibu, lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu Safari Rally ile ilikuwa ya kwetu pia kabla haijawa ya Naivasha peke yake.

RALLY ILIYOKUWA YA NCHI TATU

Mwaka 1953 Uingereza ilikuwa inamtawaza Malkia Elizabeth II. Wazungu wenye magari huku Afrika Mashariki wakaamua kusherehekea kwa namna yao: mashindano ya magari kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Yakaitwa East African Coronation Safari. Mwaka 1960 jina likabadilika kuwa East African Safari Rally. Yalikuwa yanafanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika. Hapo ndipo penye utamu na penye balaa.

Njia yake ilikuwa ya maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara zile zile walizotumia wakulima na mabasi. Hakuna aliyefunga barabara. Ukikutana na ng'ombe, umekutana na ng'ombe. Ukikuta mto umefurika, subiri au ruka. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84. Unajua yaliyofika mwisho? Saba! Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Gari lenyewe ni sedani ya kawaida ambayo baadaye mliiona ikibeba abiria na mikungu ya ndizi.

Tanzania nayo ina lake la kujivunia hapo. Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell, gari lile lile la Peugeot 404. Na mwaka 1972 rally ilianzia Dar es Salaam, mwaka ambao Hannu Mikkola wa Finland aliandika historia kwa kuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda, akiendesha Ford Escort. Katikati ya miaka ya 1970 mambo kati ya nchi zetu yakaanza kuchacha, na rally ikabaki Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika. Kizazi changu tukakua tukijua Safari Rally ni "ya Wakenya".

Babu, baba yake mjomba, alikuwa na habari nyingine. Alisimulia kwamba akiwa kijana walikuwa wanashuka kwenye mlima wa Magara kungoja magari ya rally. Kwa msiopajua: Magara ni ule ukuta wa Bonde la Ufa unaotoka tambarare za Ziwa Manyara kupanda nyanda za juu za Mbulu. Barabara inajikunja kona baada ya kona, mkono mmoja ukuta, mkono mwingine korongo. Wakati huo Hanang bado ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Masika udongo ule mwekundu ukilowa, hata mbuzi anafikiri mara mbili. Vijana walikwenda kutazama, alisema babu, lakini waliishia kusukuma. Gari likikwama, wanashuka kumi, wanapiga bega, linatoka, dereva anapunga mkono, wao wanabaki wamepakwa tope mpaka kwenye nywele. Alikuwa akisimulia huku anapangusa uso, kama vile tope bado lipo.

Kumbukeni hao vijana wa kusukuma. Nitarudi kwao.

GEMU LILIPOANZA KUPIGA HESABU

Magemu ya kwanza ya magari hayakuwa na fizikia ya maana. Pole Position ya Namco (1982) na OutRun ya Sega (1986) yalikuwa picha zinazokuja mbele yako. Gari halina uzito, kona inakusukuma nje, basi. Lakini yalifurahisha mno, na mpaka leo kuna watu wanayacheza.

Mwaka 1989 Atari Games wakatoa Hard Drivin'. Hili lilikuwa na klachi, gia na usukani uliokuwa unakaza mkononi mwako. Waliotengeneza walijaribu kuhesabu gari kama kitu chenye uzito na springi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwingereza Geoff Crammond akatoa gemu lake la Formula One, na wenye kompyuta wakagundua kwamba kuendesha polepole vizuri kunaweza kunoga kuliko kukanyaga mafuta ovyo.

Upande wa rally, lililofungua macho lilikuwa Sega Rally Championship, katikati ya miaka ya 1990. Hapo kila aina ya njia ilikuwa na mshiko wake: lami, changarawe, tope. Ukitoka kwenye lami kuingia kwenye tope unaligundua gari limebadilika. Moja ya magari yake ilikuwa Toyota Celica, jamii ya magari yaliyoitawala Safari miaka ile: Sainz 1992, Kankkunen 1993, Ian Duncan wa Kenya 1994, Fujimoto 1995.

Desemba 1997 Gran Turismo likaingia Japani, na neno "simulesheni" likaanza kutumika mitaani. Mwaka 1998 likaja Colin McRae Rally. McRae alikuwa ametoka kushinda Safari mwaka 1997, akarudia 1999 na 2002. Huo wa 2002 ndio ushindi wake wa mwisho kwenye mashindano ya dunia, na ndiyo Safari ya mwisho kuhesabiwa kwenye mashindano hayo kwa karibu miaka 20. Gemu lake la pili, la mwaka 2000, lilikuwa na Kenya ndani yake. Gemu la WRC la PlayStation 2 la mwaka 2001 nalo lilikuwa na Safari. Hilo ndilo nililokutana nalo miaka mingi baadaye kwenye kibanda cha gemu pale mjini Mbulu, CD imechubuka kama kigae. Wenzangu wakigombea mpira, mimi nagombea rally. Nilikuwa nasikia Kenya, Kenya, na sikujua kwamba babu aliwahi kuisukuma rally hiyo hiyo umbali wa saa chache kutoka kibandani.

Mwaka 2004 likatoka Richard Burns Rally. Wapenzi wa mambo haya mpaka leo wanalitaja kama kipimo cha ukweli. Fizikia yake iliandikwa na Eero Piitulainen wa Finland, na ni kali: kosa dogo, uko mtini, mchezo umekwisha. Burns alishinda Safari mara mbili, 1998 na 2000, lakini gemu lenye jina lake lilipotoka halikuwa na hata kipande kimoja cha Afrika. Lilikuwa na Uingereza, Finland, Ufaransa, Marekani, Japani na Australia. Burns alifariki Novemba 2005 kwa uvimbe kwenye ubongo. McRae alifariki Septemba 2007 katika ajali ya helikopta.

HESABU YA TAIRI, KWA LUGHA YA MJOMBA

Hebu tuingie darasani dakika mbili. Siri yote ya gari iko kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja hivi, vinavyogusa ardhi. Kila tairi lina akiba ya mshiko. Ukiitumia yote kwenye breki, haibaki ya kukata kona. Ndiyo maana ukikanyaga breki mpaka mwisho huku unakata kona, gari linakwenda moja kwa moja kana kwamba usukani umeng'oka. Ukifunga breki uzito unakwenda mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, mkia unataka kupita. Dereva mzuri anauchezesha uzito huo kama mtu anavyotembea na ndoo ya maji kichwani.

Mholanzi Hans Pacejka na wenzake, miaka ya 1980, walipata fomula inayoeleza jinsi mshiko wa tairi unavyopanda na kushuka kadiri linavyoteleza. Wenyewe wakaiita "fomula ya maajabu", na magemu mengi ya simulesheni yamejengwa juu yake au juu ya nduguze. Lakini fomula hiyo asili yake ni lami. Kwenye tope mambo ni mengine: tairi linazama, linachimba, linajaza udongo kwenye vijiti vyake mpaka linakuwa laini kama chupa.

Sasa twende Magara. Chukua gari la kilo 1,200 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama ile Peugeot. Mlima unapanda mita 1 kwa kila mita 5. Ili lipande linahitaji msukumo kama wa kilo 235. Magurudumu ya nyuma yamebeba nusu ya uzito, kilo 600. Lami kavu ina mshiko wa karibu 0.8 au zaidi, kwa hiyo yanaweza kutoa kilo 480. Gari linapanda likipiga mluzi. Lakini kwenye tope mshiko unashuka hadi 0.3 hivi, na 600 mara 0.3 ni kilo 180. Umepungukiwa kilo 55. Hapo hata ungekuwa bingwa wa dunia, injini inanguruma, gari liko pale pale.

Zinatoka wapi hizo kilo 55? Zinatoka kwenye mabega ya babu yangu na mwenzake. Ongeza na tope linaloshikilia magurudumu, ndiyo maana walihitajika kumi badala ya wawili. Wengine hupenda kukaa juu ya buti ili kuongeza uzito nyuma. Inasaidia kidogo, ila nao wanaongeza mzigo wa kupandishwa. Piga hesabu mwenyewe, kusukuma kunalipa zaidi. Babu hakusoma fizikia, na hilo alilijua.

UKWELI GANI, NA RAHA GANI?

Sasa turudi kwenye swali. Wapo wanaosema gemu likiwa la kweli sana linachosha, na wapo wanaosema likiwa jepesi ni la watoto. Nadhani wote wanabishana juu ya kitu kimoja tu, yaani gari kwenye kona. Wanasahau kwamba Safari haikuwa kona. Ilikuwa saa nyingi za kulinda gari lisife. Nowicki alishinda kwa kuwa miongoni mwa saba waliobaki na gari zima. Kwenye gemu kipande kinaisha kwa dakika chache, ukivunja unabonyeza kitufe, gari linarudi barabarani jipya kama limetoka kiwandani. Hapo unaweza kuwa na hesabu ya tairi sahihi kwa asilimia 100 na bado ukawa umeikosa Safari yote.

Kuna kisa cha Erik Carlsson wa Sweden, Safari ya 1964. Saab yake ilinasa kwenye tope. Yeye na msaidizi wake Gunnar Palm wakaipindua, ikabiringika mpaka ardhi ngumu, wakaisimamisha wakaendelea, wakamaliza wa pili. Inasimuliwa kwamba waandishi wa habari (sisi na ubishi wetu!) hawakuamini, ikabidi aibiringishe tena mbele yao. Gemu gani litakuruhusu kushuka na kulibiringisha gari lako ili lipone? Kupinduka kwenye gemu ni kosa, ila siku ile ndiyo ilikuwa dawa.

Nikamwonyesha mjomba kitu kingine siku ya pili. Mwaka 2014 lilitoka gemu linaitwa Spintires, la malori kwenye misitu ya Urusi, na mwaka 2020 likaja la ukoo huo huo, SnowRunner. Hamna mashindano. Una lori, una mzigo, kuna tope linalochimbika kweli chini ya magurudumu, na unaweza kutumia dakika 20 kwenda mita 50. Binamu alilidharau: "Hili linaboa." Mjomba alikaa nalo saa mbili. Hakuanguka mtaroni. Alikuwa anasimama kabla ya dimbwi, anatazama, anaweka gia nzito, anapita pembeni kwenye majani. Nilimwona anainua makalio kidogo kwenye kiti kila lori lilipoinama. Akasema: "Hawa wamewahi kukwama."

Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitafuta. Raha inakuja pale mtengeneza gemu anapoonyesha kwamba anaijua hofu yako. Sega Rally haikuwa sahihi kama Richard Burns Rally, lakini iliijua ile hofu tamu ya mkia kupita. Lori la SnowRunner linaijua hofu ya mjomba, hofu ya mzigo wa watu kuoza njiani.

Lakini hata humo kuna pengo. Ukikwama unafunga waya kwenye mti, unajivuta mwenyewe. Msitu mzima hauna mtu! Na kwenye magemu ya rally watu wapo, ila ni mapambo, wanapiga picha na kukimbia gari likisogea. Vijana wa kusukuma hakuna. Zile kilo 55 hazimo kwenye programu ya gemu lolote ninalolijua. Wameipima tairi, wameipima springi, wameipima hewa, wakaliacha bega la Mmbulu.

Siwalaumu sana waliotengeneza, wao walisoma walichoandikiwa. Habari za Safari zimeandikwa kwa majina ya madereva na magari. Waliosukuma hawana orodha.

KWA NINI NAANDIKA HAYA SASA

Mwaka 2020 Safari ilikuwa irudi kwenye mashindano ya dunia, korona ikaifuta. WRC 9 lilitoka Septemba mwaka huo huo likiwa na Kenya ndani, kwa hiyo gemu lilifika kabla ya magari yenyewe. Magari yakaja Naivasha mwaka 2021, Sébastien Ogier akashinda. Mtoto wa Katesh leo anaweza kuijua ile mchanga laini ya Kedong kona kwa kona, asijue kwamba rally hiyo iliwahi kuwa ya nchi yake.

Na Magara yenyewe imebadilika. Kuna daraja, na sehemu kali za mlima zimemwagwa zege. Sisemi ni vibaya, Mungu apishe mbali. Wanaolilia barabara mbovu kwa ajili ya kumbukumbu ni wale wasiopeleka mgonjwa hospitali usiku wa mvua. Na sisi wa huku hatuna sababu ya kulifanya tope kuwa hadithi tamu tu. Desemba 3, 2023 lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na kuua makumi ya watu. Mjomba alikuwa na rafiki pale. Tope halina kitufe cha kuanza upya.

Ninachosema ni kidogo. Barabara ya zamani inakufa mara mbili: mara ya kwanza inapowekwa zege, mara ya pili anapokufa wa mwisho aliyeikumbuka. Babu alifariki kabla sijajua maswali ya kumuuliza. Sikumwuliza ni mwaka gani, ni gari gani, nani alikuwa naye. Mimi mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza, na nyumbani sikuuliza.

Kwa hiyo kama una mzee Dongobesh, Bashay, Dareda au Katesh ambaye Pasaka moja ya ujana wake alirudi nyumbani amepakwa tope, kaa naye. Mwulize alisukuma gari gani. Halafu andika.

Mjomba alirudi barabarani Jumanne alfajiri. Aliniaga akiwa tayari juu ya Fuso, injini inaunguruma, mvua bado inadondoka. Akaniuliza kama yule dogo bado analala. Nikasema ndiyo. "Mwambie akitaka fizikia, nina nafasi moja mbele."